Fildi: Maswali Yenu ya Msimu Huu

Vyuo vinakaribia kufunga na ujumbe kuhusu fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini, umekuwa mwingi. Leo najibu maswali manne.

Shikamoo dada. Nasoma uhasibu mwaka wa pili, Iringa. Nimeomba fildi benki tatu za Dar, zote kimya. Nifanyeje?

Marahaba mdogo wangu. Benki za pale Posta, katikati ya Dar, zinaombwa na kila mtu. Tanzania Bara ina halmashauri 184, na kila moja ina wahasibu, ukaguzi wa ndani na manunuzi. Anza na ya kwenu, ambako hata chakula na malazi havitakusumbua. Mwandikie Mkurugenzi Mtendaji, ambatanisha barua ya utambulisho ya chuo, upeleke mwenyewe masjala, yaani ofisi inayopokea barua na kutunza mafaili, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Baada ya wiki rudi kuulizia. SACCOS na vyama vya ushirika navyo usivisahau: vina vitabu vya hesabu vya kufunga na watu wachache wa kuvifunga.

Nimepata ofisi ya serikali, lakini wiki ya pili hii natoa fotokopi na kupanga mafaili. Wiki 8 zitaisha hivihivi?

Pole. Hasira hiyo naijua. Fildi yangu nilikaa masjala ya ofisi moja ya wilaya majuma matatu, nikijiona nimetupwa. Mama mtunza kumbukumbu akanikataza kurudisha faili kabatini kabla sijasoma folio zake, yaani kurasa zilizopewa namba, kwa mfuatano. Hapo ndipo nikaona ombi la fedha linavyosafiri: barua inaingia, inapewa folio, afisa anaandika dokezo sabili (maelezo mafupi ya ndani ya ofisi), mkubwa anaidhinisha au anarudisha na swali. Darasani hakuna aliyewahi kunionyesha hilo.

Basi kila vocha ya malipo unayoitoa fotokopi, isome. Nani kaidhinisha? Kiambatisho gani hakipo? Kasma ipi, yaani fungu lipi la bajeti, imetajwa? Kisha mwendee msimamizi wako na ombi moja dogo: "Naomba niandae usuluhisho wa benki wa mwezi uliopita, halafu uukague." Yaani kulinganisha daftari la fedha la ofisi na taarifa ya benki. Wengi hawakupi kazi kwa kuwa hawajui unaweza nini, na muda wa kukuchunguza hawana. Logibuku, daftari lako la kazi za kila siku za fildi, nayo ijaze jioni ileile. Anayejaza wiki 8 kwa usiku mmoja huandika uongo hata asipokusudia.

Msimamizi anasema hanisainii logibuku mpaka nikubali kutoka naye.

Hiyo ni rushwa ya ngono, kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Wewe hujakosea kitu, mdogo wangu. Usifute meseji zake. Piga 113, namba ya bure ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, na umweleze mhadhiri wako leo hii, usingoje fildi iishe. Mapema hivi chuo bado kinaweza kukutafutia ofisi nyingine.

Nimeshahitimu. Naweza bado kupata nafasi ya kujifunzia kazini?

Ndiyo. Serikali ina programu ya utarajali, yaani mafunzo ya kazini, kwa wahitimu. Fuatilia matangazo ya wizara inayohusika na kazi na ajira. Kwenye CV usiishie kutaja jina la ofisi uliyofanyia fildi. Andika ulichokifanya kwa mikono yako: umeandaa usuluhisho wa benki wa miezi mingapi, umehesabu stoo ngapi, nani alikukagua.