Maswali yenu: mionzi, mkojo na hayo mnayoyaficha

Wiki hii ni wale waliopigwa mionzi ya saratani ya mlango wa kizazi, maana nusu ya meseji ni swali moja.

Nimemaliza mionzi Ocean Road (hospitali ya saratani Dar), nikikohoa au nikinyanyua ndoo mkojo unachuruzika. Nimepunguza maji ila wapi. (Newala)

Rudisha hayo maji dada! Mkojo mzito unakichokoza kibofu ambacho mionzi imeshakiumiza, ndo unazidi kubanwa. Zoezi ni hili: kaza kama unazuia ushuzi mbele ya wakwe, hesabu mpaka tano, legeza kabisa, mara kumi, asubuhi mchana jioni, na usibane pumzi wala makalio. Kabla ya kunyanyua ndoo kaza kwanza. Uje uniambie baada ya miezi mitatu, siyo siku nne. Ila kama unavuja usiku na mchana hata ukiwa umelala, au una damu, nenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda pale Mtwara, inaweza kuwa fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, na hiyo haitibiwi kwa kukaza.

Tendo la ndoa linauma, somo wangu kasema niweke shabu. (Lindi)

HAPANA. Nimeandika hili mpaka nimechoka. Mionzi inaukausha uke, unakuwa mfupi na mwembamba, kuta zinaweza hata kushikana, halafu wewe unaenda kuubana tena? Shabu, tumbaku, zile dawa za kubana mnazouziana status, tupa. Na zoezi la hapo juu usilikimbilie, penye maumivu mara nyingi misuli imeshajikaza yenyewe kwa woga, inatakiwa ijifunze kulegea, vuta pumzi mpaka tumboni uachie taratibu. Kliniki ulizia vile vibomba laini vya kupanulia uke, vinaanza wiki chache baada ya mionzi kuisha, pamoja na jeli ya maji (mafuta yanapasua kondomu). Makungwi wetu huku Kusini wanajua kumfundisha mwari ya chumbani kuliko daktari yeyote, wangepewa somo hili ndoa ngapi zingepona.

Mume anaogopa nitamwambukiza mionzi.

Haiambukizi, na saratani haiambukizi. Mashine ikizimwa imezimwa, na ile inayowekwa ndani ya mwili wakiitoa imetoka.

Choo kinanibana ghafla na kina damu kidogo, naona ni bawasiri. (Kilwa)

Nani kakupima? Damu baada ya mionzi aione daktari, mwambie ulipigwa mionzi, wengi mnaficha hilo.

Binti yangu ana miaka 12, achanjwe HPV, kile kirusi kinacholeta saratani hii?

Ndiyo, dozi moja, bure, kabla hajafika 15. Na wewe mama yake umepima mlango wa kizazi lini?