Tiketi ya mwezi, karatasi au kadi: hesabu niliyompigia mdogo wangu nikiwa Mikindani

Ukimtajia mtu wa Mtwara tiketi ya msimu atadhani unaongelea korosho. Msimu kwetu ni Oktoba: magunia yapo ghalani, minada imeanza, mkulima anasubiri malipo yake. Kwa hiyo mdogo wangu aliponitumia ujumbe wa sauti kutoka Reading, Uingereza, akiuliza, "Kaka, nikate tiketi ya msimu ya karatasi au niweke kwenye kadi?" nilianza kwa kucheka. Yeye anapanda treni kwenda kazini London, na tiketi ya msimu kule ni ile unayoilipia mara moja kwa wiki, mwezi au mwaka, kisha unasafiri bila kukata tiketi kila siku. Nikamwambia anipe siku moja, maana mimi mwenyewe nauli ya kulipia mwezi ilishaniliza.

Nakaa Mikindani na kazi yangu iko Mtwara mjini, kama kilomita kumi. Kuna kipindi nilipatana na kijana wa bajaji anipeleke asubuhi na kunirudisha jioni kwa 3,000 kwa siku. Siku moja akaniambia, "Bro, nipe 60,000 ya mwezi mzima tumalizane." Nafanya kazi mpaka Jumamosi, siku 26, yaani 78,000. Nikaona nimeokoa 18,000 bila jasho. Nikalipa tarehe mosi, tena kwa furaha.

Mwezi ule Idi ikachukua siku mbili. Nikaenda Newala msibani siku nne. Malaria ikanilaza siku moja. Bajaji nayo ikalala gereji siku tatu, nikapanda daladala kwa hela nyingine. Nilipokaa kuhesabu nikakuta nimeipanda siku 16 tu, ambazo kwa bei ya kila siku ni 48,000. Kumbe punguzo lile ndilo lililonila 12,000, na hapo sijagusa hela ya daladala.

Tangu hapo sinunui kitu cha mwezi kabla ya kugawanya. Chukua bei ya mwezi, igawe kwa bei ya siku. Kwangu 60,000 kwa 3,000 ni 20. Maana yake nikisafiri chini ya siku 20 nimeumia, nikizidi hapo nimepata. Halafu linganisha hiyo 20 na siku ulizosafiri kweli miezi mitatu iliyopita, siyo siku unazotarajia kusafiri. Tukiwa tunapanga, hakuna anayeweka msiba kwenye hesabu.

Nikarudi kwa mdogo wangu. Swali lake la karatasi au kadi lilikuwa jepesi kuliko alivyodhani, kwa sababu kwenye treni za kule tiketi ya wiki, mwezi au mwaka kwa kawaida ina bei ileile, iwe ya karatasi au imepakiwa kwenye kadi ya kielektroniki ya kugusisha getini. Utofauti unakuja ikipotea. Karatasi ina utepe wa sumaku ambao unaweza kuharibika ukikaa karibu na simu, achilia mbali kufuliwa na suruali. Kadi ukiisajili kwa jina lako, ikipotea inafungwa, na tiketi yako inahamishiwa kadi mpya. Mtu aliyelipa maelfu ya pauni kwa mkupuo asitembee nayo kwenye kikaratasi.

Penye hela hasa ni kwenye muda. Kule tiketi ya mwezi ni bei ya wiki mara 3.84, na ya mwaka ni bei ya wiki mara 40. Chukua mfano rahisi, wiki iwe pauni 100. Mwezi ni 384, na ukinunua mwezi mwezi mara kumi na mbili unafika 4,608. Wa mwaka analipa 4,000, yaani wiki 12 hazilipii. Inavutia. Lakini ukiirudisha katikati hawakupi hela ya siku zilizobaki kwa mgawo sawa. Wanakata kwanza gharama ya muda uliotumia kwa bei za miezi na wiki, kwa hiyo ukipita miezi kumi na siku kadhaa hakuna cha kurudishiwa. Mwenye mkataba wa kazi wa miezi sita asiiguse.

Na hizo 4,000 za mkupuo anazitoa wapi? Mkulima wa korosho angeziweza, kwa sababu hela yake huja kwa fungu, na akili ya kununua vya mwaka mzima mwezi wa kumi na moja tunayo. Mshahara wa kila mwezi haukai hivyo. Bahati nzuri waajiri wengi wa kule humkopesha mfanyakazi hela ya tiketi bila riba, kisha wanakata kidogo kidogo. Nikamwambia aulize ofisini kwanza.

Kisha nikamuuliza swali ambalo angejiuliza mwenyewe mapema: unaenda ofisini siku ngapi? "Mbili kwa wiki, mara nyingine tatu." Basi, tiketi ya mwezi ya nini! Tangu Juni 2021 kuna tiketi inayoitwa Flexi Season, siku 8 za kusafiri ndani ya siku 28. Hii haitolewi kwa karatasi, na hapo ndipo kadi inapomsaidia kweli. Ila siku usizotumia zinakufa na zile 28.

Kadi za kuweka salio ni habari nyingine. Nilipokuwa Dar nilikuwa na N-Card ya kivuko cha Kigamboni, nauli 200, na nilipenda kuweka 10,000 nisisumbuke. Nikahama kurudi Mtwara na salio likiwa ndani. Kosa ni langu. Weka ya wiki, inatosha.

Mdogo wangu alipekua kalenda ya simu yake akakuta siku 9, 7 na 8. Akachukua Flexi, na ile ya tisa ikitokea anakata tiketi ya siku. Mimi na kijana wa bajaji tumerudi kwenye siku kwa siku, namlipa kila Jumamosi. Anaandika kwenye daftari lake la mafuta, na tukibishana analifungua palepale, na haki ya Mungu, mara nyingi yeye ndiye anakuwa sahihi.