Ukumbi wa watu 5,000 kwa fedha za umma: msifunge viti sakafuni

Mleta mada, simamisha hiyo michoro kwanza. Umeandika kwamba mnataka kituo cha mikutano cha kitaifa chenye ukumbi mmoja wa watu 5,000, sakafu ya mteremko na viti vya kufungwa kwa nati, halafu unauliza fedha zitoke kwenye hatifungani (dhamana ambayo serikali huuza ili kukopa), mkopo wa nje au ubia, na kiwanja kiwe mjini au pembeni. Mkuu, hiyo sakafu itawamaliza kabla riba haijawafikia.

Nimefanya kazi ya kukodisha kumbi katika kituo cha umma kilichojengwa namna hiyo hiyo. Kwenye upembuzi yakinifu, yaani utafiti wa kuona kama mradi utalipa, mshauri mwelekezi alichukua idadi ya viti, akazidisha kwa siku alizodhani zitakodishwa, akazidisha kwa bei. Mapato yakapendeza, fedha zikaidhinishwa. Hakuna ukurasa uliouliza mteja wa kawaida ni nani. Mikutano mingi ya kimataifa ya vyama vya kitaaluma haifikishi watu 500. Mteja wa kawaida ni chama cha madaktari au wahasibu: siku tatu, ukumbi wa kufungulia, vyumba kadhaa vya makundi, mahali pa kula, na nafasi ya mabanda ya wadhamini. Hao wadhamini ndio wanaobeba gharama za mkutano, na banda halisimami kwenye mteremko.

Nikueleze mkutano mmoja tu. Watu kama mia mbili wamejazana safu za mbele, nyuma yao viti vitupu mpaka ukutani. Mtambo wa kupoza hewa ulikuwa mmoja kwa ukumbi mzima, huwezi kuwasha robo. Tukatundika pazia jeusi katikati, lakini pazia halizuii baridi wala mwangwi. Wadhamini tukawapeleka kwenye mahema uwanja wa magari, mvua ikanyesha, makaratasi yao yakalowa. Ukijumlisha umeme na dizeli ya jenereta la akiba, kodi aliyolipa mteja iliishia hapo hapo. Mwaka uliofuata wakaenda hotelini, na sikuwa na neno la kuwarudisha.

Bado nina hasira na yule mshauri. Alipoulizwa vyumba vidogo viko wapi, alijibu ni awamu ya pili. Awamu ya pili hujengwa kwa mapato ya awamu ya kwanza, na awamu ya kwanza ilikuwa inakula ruzuku. Yeye alikuwa ameshalipwa na kuondoka. Anayeumia ni mlipakodi anayelipia viyoyozi vya viti visivyo na watu.

Najua mtanitajia KICC, kile kituo cha mikutano cha Nairobi. Ile ilianza kama mradi wa makao makuu ya KANU, chama kilichokuwa kikitawala Kenya, ikapanuliwa na kupokea mkutano wa mwaka wa Benki ya Dunia na IMF mwaka 1973. Lakini pamoja na kumbi kuna mnara wa ghorofa 28 wenye ofisi za kupangisha. Arusha vilevile: majengo yalikuwa ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ikavunjika 1977, kituo cha mikutano cha AICC kikaanza humo 1978, na baadaye Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, ICTR, ikapanga humo kwa miaka mingi. Mpangaji wa ofisi analipa hata mwezi usio na mkutano. Mchoro wenu una ofisi ngapi?

Kigali ndio walioiwaza biashara yote kwa pamoja. Mwaka 2013 Rwanda iliuza hatifungani ya dola milioni 400 nje kwa riba ya asilimia 6.625. Sehemu ilikwenda kumalizia kituo cha mikutano, sehemu kwa RwandAir, shirika la ndege la kuwaleta wajumbe. Kituo kilipofunguliwa 2016 kilikuwa na hoteli yake hapo hapo. Hata hivyo lile lilikuwa deni la dola. Kama wateja wenu watalipa kwa shilingi, kaeni na Hazina mpigie hesabu hiyo mapema.

Narudi kwenye sakafu, maana hapo ndipo bado mna nafasi ya kujiokoa. Mwambieni msanifu majengo ailaze iwe tambarare, viti viondoleke, ukumbi ugawanyike mara tatu au nne kwa kuta za kukunjika. Juu ya kuta hizo uwepo ukuta wa kudumu mpaka kwenye zege, maana zikiishia kwenye dari, sauti itapita juu ya dari na mkutano wa jirani utasikia hotuba yenu yote. Kila kipande kiwe na upozaji wake na mita yake ya umeme. Lori liingie mpaka ndani kushusha mabanda. Ukumbi wa namna hiyo utachukua mkutano wa wakuu wa nchi, na wiki inayofuata utachukua mahafali upande mmoja na harusi upande mwingine.

Zabuni ikishatangazwa, kubadilisha sakafu ni madai ya nyongeza kutoka kwa mkandarasi. Weka hapa mchoro wa sakafu na wa mfumo wa kupoza hewa wiki hii, wahandisi wamo humu, tuupitie.