Kabla hujashusha bei ya nyumba, lichunguze tangazo lako

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba nyumba yako ya vyumba vitatu imekaa mtandaoni kwa miezi kadhaa, kwamba hesabu ya tovuti inaonyesha tangazo limefunguliwa na watu wengi, lakini waliopiga simu ni wachache na waliofika kuiona waliaga bila kutaja bei yoyote. Umeuliza kama wakati umefika wa kushusha bei. Nimeuza nyumba za ukoo wetu, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiwasaidia marafiki na majirani kuandaa matangazo yao, kwa hiyo hali unayoieleza ninaifahamu vizuri. Huenda mwishowe utaigusa bei, lakini picha zile tisa zenye giza na maelezo ya sentensi mbili uliyotuonyesha vinatosha kuwafukuza wanunuzi hata kama bei ingekuwa nusu ya hiyo.

Msimamo wangu ni kwamba tangazo halikuwekwa kwa ajili ya kuisifu nyumba. Limewekwa ili kumjibu maswali mtu ambaye bado hajafika, kusudi atakayefunga safari awe ni yule ambaye nyumba inamfaa kweli, na akifika akute kile kile alichokiona kwenye simu yake. Muuzaji anayeshika jambo hili huanza kutazama kila picha na kila sentensi kwa jicho la mnunuzi.

Anza na picha ya kwanza, kwa sababu ndiyo inayobeba mzigo mkubwa kuliko sehemu nyingine yoyote. Mtu anapotafuta nyumba huona orodha ndefu, na kila nyumba ndani ya orodha hiyo ina picha moja ndogo, bei, idadi ya vyumba na jina la eneo. Picha yako ya kwanza ni ya geti lililofungwa. Geti halimwambii mnunuzi lolote kuhusu nyumba, tena linampa hisia kwamba kuna kitu kinafichwa. Kwa kawaida huchaguliwa picha ya nyumba kwa mbele, ikiwa imepigwa kwa pembe kidogo ili ukuta wa upande nao uonekane, lakini hiyo si sheria. Kama uso wa nyumba ni wa kawaida na uzuri wake uko sebuleni au kwenye bustani ya nyuma, tanguliza hapo. Ijaribu picha kwa kuipunguza hadi iwe na upana wa vidole vitatu kwenye kioo cha simu. Ikiwa bado unatambua unachokiangalia, inafaa.

Kuhusu mwanga nitasema kwa kirefu, maana hapa ndipo matangazo mengi yanapoharibika bila wenyewe kujua sababu. Nyumba inayotazama mashariki hupata mwanga wa mbele asubuhi, na inayotazama magharibi huupata alasiri; ukiipiga picha wakati jua liko nyuma yake, ukuta wa mbele utakuwa mweusi na anga itakuwa nyeupe tupu. Ndani ya nyumba mambo hugeuka. Jua likipenya moja kwa moja dirishani, kamera hushindwa kuonyesha kwa pamoja dirisha lenye mwanga mkali na kona yenye kivuli, hivyo wakati mzuri ni ule ambao jua haliingii katika chumba unachopiga, au siku yenye mawingu mepesi. Fungua mapazia yote. Kisha uamue kuhusu taa: balbu za rangi ya njano zina takribani kelvini 2,700 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), ilhali mwanga wa mchana ni karibu 5,500, na ukivichanganya utapata ukuta mmoja wa njano na mwingine wa buluu. Ikiwa mwanga wa dirisha unatosha, zima taa zote. Ikiwa hautoshi, washa zote, na ziwe za rangi moja.

Simu uishike ikiwa imenyooka sawa na ukuta, bila kuiinamisha mbele wala nyuma, kwenye urefu wa kifua, yaani kati ya mita 1.2 na 1.4 kutoka sakafuni. Ukiiinamisha, kuta huonekana kama zinaanguka, na mtazamaji husumbuka hata asipoweza kusema kinachomsumbua ni nini. Jikoni unaweza kupanda juu kidogo ili meza za kazi zionekane. Simama mlangoni au kwenye kona, na upige picha zilizolala badala ya zile zilizosimama, kwa kuwa vyumba vina upana zaidi kuliko kimo.

Hapa nina onyo ambalo ningependa ulizingatie. Simu nyingi za sasa zina lenzi pana mno, ile inayoandikwa 0.5, na wauzaji huipenda kwa sababu inafanya chumba kidogo kionekane kama ukumbi. Lenzi hiyo hunyoosha vitu vilivyo pembezoni, kitanda kikawa kirefu kama mashua, na mnunuzi mwenye uzoefu huitambua mara moja. Asiye na uzoefu ndiye anayedanganyika, naye anapofika na kukuta chumba kimekuwa nusu ya alivyotarajia, huanza kutilia shaka kila kitu kingine ulichoandika. Tumia lenzi ya kawaida na ukubali kwamba baadhi ya vyumba havitaingia vyote ndani ya picha moja. Mwenye kamera kubwa ambayo sensa yake, yaani kile kibao cha ndani kinachopokea mwanga, ina milimita 36 kwa 24 atapata picha pana lakini za ukweli akitumia lenzi ya milimita 20 hadi 24.

Usafi hauhitaji maneno mengi: ondoa nguo, ndoo, nyaya, dawa za meno na magari yaliyoziba mbele ya nyumba, na ufunge mfuniko wa choo.

Jambo linalosahaulika ni mpangilio. Mnunuzi anapopitisha picha huwa anajijengea ramani ya nyumba kichwani, na picha zinaporuka kutoka bafuni hadi barazani, kisha zikarudi chumbani, ramani hiyo huvunjika. Zipange kama mtu anavyotembea: nje, mlango mkuu, sebule, chumba cha kulia, jiko, ukumbi mwembamba, vyumba vya kulala, mabafu, stoo, kisha uwanja wa nyuma. Chumba kikubwa kistahili picha mbili kutoka kona zinazotazamana, na bafu litoshelezwe na moja. Usirudie picha ya kitu kile kile kwa matumaini ya kuongeza idadi.

Hata hivyo, picha bora hazimwambii mtu kama kabati lake la nguo litaenea. Ndiyo maana ninasisitiza sana mchoro wa sakafu wenye vipimo. Si lazima umtafute mchoraji. Unaweza kupima kila chumba kutoka ukuta hadi ukuta kwa utepe, ukachora kwa rula kwenye karatasi safi, ukaonyesha milango, madirisha na upande wa kaskazini, kisha ukaupiga picha vizuri. Wanunuzi wa dhati hurudi kwenye mchoro mara nyingi kuliko kwenye picha, kwa sababu hapo ndipo wanapopanga maisha yao: chumba kipi cha watoto, mgonjwa atalala wapi asipande ngazi, choo cha wageni kiko mbali kiasi gani na sebule. Eleza pia eneo kwa uwazi. Eneo la ndani linalotumika ni tofauti na eneo la jengo pamoja na kuta na baraza, na yote mawili ni tofauti na eneo la kiwanja. Ukiandika tarakimu moja tu bila kusema ni ya nini, msomaji atadhani ile inayompendeza. Kama wanunuzi wako wanatumia vipimo mbalimbali, wasaidie: mita moja ya mraba ni futi za mraba 10.76, na ekari moja ni karibu mita za mraba 4,047.

Sasa maneno. Umeandika, “Nyumba nzuri ya kisasa katika eneo tulivu, usiikose.” Sentensi hiyo inaweza kubandikwa kwenye nyumba yoyote duniani, na kwa hiyo haielezi hata moja. Kila sifa iulize ushahidi wake. Utulivu unatokana na nini? Ikiwa vyumba vya kulala viko upande wa nyuma, mbali na barabara, andika hivyo. Usasa ni upi? Ikiwa paa limebadilishwa, mfumo wa umeme umewekwa upya au mabomba yamefumuliwa na kujengwa tena, taja mwaka wa kazi hiyo na useme kama risiti zipo. Mistari miwili ya mwanzo ibebe mambo mazito zaidi, kwa sababu kwenye simu maelezo yaliyobaki hujificha mpaka mtu aguse aendelee. Baada ya hapo eleza aina ya umiliki na kama hati iko kwa jina la muuzaji, kodi na michango ya kila mwaka, chanzo cha maji, maegesho, vitu vitakavyobaki na vitakavyoondolewa, kama kuna mpangaji, na lini nyumba inaweza kukabidhiwa. Mtu akilazimika kupiga simu ili kujua mambo haya ya msingi, wengi hawapigi. Wanafungua tangazo linalofuata.

Kasoro nazo zisemwe. Katika nchi nyingi sheria inamtaka muuzaji afichue kasoro anazozijua, lakini hata pasipo sheria ningeshauri hivyo hivyo. Nyumba mojawapo tuliyoiuza ilikuwa na alama ya unyevu kwenye ukuta wa stoo, iliyosababishwa na mfereji wa paa uliokuwa ukivuja. Tuliutengeneza mfereji, tukaweka picha ya ukuta ule ndani ya tangazo, tukaandika chanzo na tarehe ya matengenezo. Waliofika walikwenda moja kwa moja stoo, wakagusa ukuta, wakauliza maswali, kisha wakaendelea na ziara wakiwa na imani na mambo mengine yote tuliyowaambia. Kwa msingi huo huo, ukitumia programu kuweka samani za kubuni kwenye chumba kitupu, andika juu ya picha kwamba samani hizo si halisi, na usiwahi kufuta kwa programu nguzo ya umeme, ufa au jengo la jirani.

Usalama wako nao ni sehemu ya kazi hii. Ondoa kwenye picha nyuso za familia, nyaraka, vitu vya thamani na funguo, maana ufunguo unaweza kunakiliwa kutokana na picha yake. Picha za simu huweza kubeba ndani yake mahali zilipopigwa, kwa hiyo zima huduma hiyo ya kamera kabla hujaanza. Nakala ya hati miliki usiipandishe mtandaoni kabisa. Andika tu kwamba itaonyeshwa kwa mnunuzi wa dhati pamoja na mwanasheria wake.

Kuhusu bei, kuna jambo la kiufundi ambalo wauzaji wengi hawalifikirii. Wanunuzi hutafuta kwa kutumia vichujio vya viwango, mathalani kuanzia 200,000 hadi 300,000, au kuanzia 300,000 hadi 400,000. Ukiandika 299,900 kwa kuamini kwamba inapendeza macho, umejifuta kwenye utafutaji wa wote walioanzia 300,000. Ukiandika 300,000 kamili, kwa kawaida utaonekana na makundi yote mawili. Vivyo hivyo hakikisha umejaza visanduku vyote vya tangazo, idadi ya mabafu, ukubwa, aina ya jengo, maegesho, kwa sababu kisanduku kilichoachwa wazi kinaweza kuiondoa nyumba yako mbele ya mtu anayehitaji hasa kitu hicho.

Ukishamaliza, tazama hesabu zako kwa utaratibu. Wanaoona tangazo kwenye orodha bila kulifungua wanakuambia kuhusu picha ya kwanza, bei au vichujio. Wanaolifungua bila kupiga simu wanakuambia kuhusu picha za ndani, mchoro na maelezo. Wanaofika na kuondoka kimya wanakuambia kwamba kuna tofauti kati ya walichoahidiwa na walichokikuta, au kwamba nyumba yenyewe, ikilinganishwa na nyingine walizoziona, haifikii bei hiyo. Wewe umekwama kwenye hatua ya pili na ya tatu, ndiyo sababu nikasema bei isubiri. Wapigie kwa heshima wale waliofika, uwaulize ni kitu gani kilikuwa tofauti na walivyotarajia. Wengi hujibu kwa uwazi wakishajua kwamba huwabembelezi wanunue.

Badilisha picha, mchoro na maelezo kwanza, uiache bei kama ilivyo kwa wiki mbili au tatu, na katika kipindi hicho ujibu kila ujumbe siku ile ile unapoingia. Ukivibadilisha vyote pamoja na bei kwa siku moja, simu zitakapoanza kuingia hutaweza kujua kama punguzo ulilotoa lilikuwa la lazima.