Bili ya umeme haitoshi kupima athari ya maziwa
Ndugu, umeuliza kama bili ya umeme ya kiwanda hapa Nairobi yatosha kuonyesha athari ya lita moja ya maziwa kwa mazingira. Haitoshi. Viwango vya kimataifa vya ISO 14040 na 14044 vya mwaka 2006 vinaeleza jinsi ya kuipima bidhaa katika mzunguko wake wote wa maisha, tangu mbolea na malisho, kupitia ng'ombe, lori na kiwanda, hadi pakiti inapotupwa. Kwa maziwa, sehemu kubwa ya gesi joto hutoka shambani, hasa methani ambayo ng'ombe huitoa mdomoni anapomeng'enya nyasi, na kilo moja ya gesi hiyo huongeza joto takriban mara 27 ya kilo moja ya kaboni dioksidi katika kipindi cha miaka 100. Linalonisumbua zaidi ni mgawanyo wa mzigo huo: ng'ombe wa mkulima mdogo wa Kiambu hutoa pia samadi, ndama na hatimaye nyama, kwa hiyo kuyabebesha maziwa peke yake hesabu nzima ni kumwonea mkulima. Chagua kwanza kipimo kimoja, kwa mfano kilo ya maziwa yenye kiwango kilekile cha mafuta na protini, ndipo ulinganishe.