Uliza Saa: Kwa Wanaoanza Kutoa Dawa za VVU

Mwaka wangu wa kwanza katika chumba cha dawa cha kliniki moja hapa Mombasa nilikuwa nikimkabidhi mgonjwa chupa yake, namuuliza, "Kuna tatizo lolote?", naye ananijibu, "Hakuna," kisha anakwenda zake. Nilidhani nimemhudumia. Ninyi mnaoanza sasa mtatoa zaidi kidonge cha TLD, ambacho ndani yake mna tenofoviri miligramu 300, lamivudini miligramu 300 na dolutegraviri miligramu 50, nacho humezwa mara moja kwa siku, mtu awe amekula au hajala. Wepesi huo ndio ulionizubaisha.

Palikuwa na mama mmoja, muuza mboga wa Kongowea, ambaye kwa miaka kadhaa virusi havikuonekana katika vipimo vyake. Ramadhani ilipokaribia aliniuliza ameze saa ngapi, nami nikamwambia, bila kuinua macho kutoka kwenye daftari, ameze wakati wa futari. Miezi michache baadaye kipimo kikaonyesha kuwa virusi vimeanza kuonekana tena, ilhali hesabu ya vidonge ilikuwa sawasawa. Mimi nilishaanza kumshuku. Mwenzangu mkongwe akavuta kiti, akamwambia, "Mama, nieleze siku yako tangu kuamka hadi kulala, na kila unachotia kinywani."

"Nilipokuwa nimefunga, adhana ikilia, nafungua kwa tende, nameza kidonge changu," akasema. "Basi viazi vya karai vikinichoma kifua, mwanangu, nakunywa ile dawa nyeupe ya kiungulia. Mpaka leo ndivyo nifanyavyo."

Dawa nyingi za kiungulia zina magnesiamu au alumini, na madini hayo huishika dolutegraviri tumboni, ikawa haipenyi vizuri kuingia katika damu. Kwa hiyo kidonge kinatakiwa kumezwa saa mbili kabla ya dawa hiyo au saa sita baada yake. Mama yule tulimhamishia kidonge alfajiri, nayo dawa ya kiungulia akaiacha palepale jioni. Vidonge vya madini ya chuma wanavyopewa wajawazito, pamoja na vile vya kalsiamu, huleta shida hiyo hiyo iwapo vitamezwa na TLD tumbo likiwa tupu, lakini vikimezwa pamoja katikati ya mlo havina neno. Ulizeni pia kuhusu vidonge vya vitamini, kwa maana wengi hawavihesabu kuwa dawa.

Malalamiko mtakayoyasikia mara nyingi ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kuongezeka uzito na kukosa usingizi. Wagonjwa wa zamani walizoea kumeza usiku kwa sababu ya efavirenzi, iliyowaletea kizunguzungu na ndoto za kutisha, nao walipohamishiwa TLD hawakubadilisha saa. Wengine wao hutulia wakianza kumeza asubuhi, na hakuna haja ya jingine. Hata hivyo, kabla ya kuilaumu dawa, ulizeni kwa upole kuhusu miraa na muguka, maana kijana anayetafuna hadi saa sita za usiku hatapata usingizi kwa kubadilishiwa saa ya kidonge.

Kuna dawa ambazo jina lake likitajwa tu, faili lirudi kwa daktari. Anayetibiwa kifua kikuu kwa rifampisini huongezewa dolutegraviri miligramu 50 saa kumi na mbili baada ya kidonge cha TLD, na nyongeza hiyo huendelea wiki mbili baada ya rifampisini kumalizika. Metformini ya kisukari, kwa anayemeza TLD, kwa kawaida haizidishwi miligramu 1,000 kwa siku. Karbamazepini ya kifafa hupunguza nguvu ya dolutegraviri. Ama kuhusu figo, dolutegraviri huweza kupandisha kidogo kipimo cha kreatinini, yaani taka ya damuni inayochujwa na figo, bila kuziumiza, ilhali tenofoviri huweza kuziumiza kwelikweli. Kutofautisha mawili hayo si kazi ya dirishani kwetu.

Vipele vinavyoandamana na homa, vidonda vya mdomoni au macho kuwa manjano humpeleka mgonjwa kwa daktari siku hiyo hiyo. Vinginevyo msimshauri mtu kuacha kidonge kwa kuwa kimemsumbua, hasa mwenye homa ya ini aina ya B, kwa sababu tenofoviri na lamivudini huikandamiza pia homa hiyo, nayo ikiachiwa ghafla huweza kuripuka.

Jambo la mwisho nililojifunza lilihusu chupa. Kijana mmoja alikuwa akimimina vidonge vyake katika karatasi ya kaki, kwa sababu, alisema, chupa "inamsema" ndani ya matatu. Kwa joto na unyevu wa mji huu, kidonge kilichotolewa chupani mwake huharibika. Tulitia pamba kavu juu ya vidonge, kile kifuko cha kunyonya unyevu tukakiacha humo humo ndani, naye akaitikisa chupa karibu na sikio lake mara mbili, akaitia mfukoni.