RX-8 yangu inasita nikikanyaga mafuta, fundi anasema injini imekwisha

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi msomaji wako wa Tegeta, nina Mazda RX-8 ya 2005, manyuo, niliinunua mkononi kwa mtu mwaka jana. Kama miezi miwili sasa ikiwa sailensa, yaani imesimama inawaka bila kukanyagwa, inatetemeka kidogo kama mtu mwenye homa, na nikiwa gia ya tatu nikakanyaga, kuanzia resi 2,500 hivi inasita, unahisi kama kuna mtu kaishika kwa nyuma, halafu ghafla inaachia inaondoka. Mafuta inakunywa kuliko zamani na nyuma inanuka petroli. Juzi napanda mlima taa ya cheki injini ikaanza kublinki. Nimeshabadilisha pampu ya mafuta, nikasafisha throto, hamna kitu. Fundi kaweka mashine ikasoma P0302, akasema silinda namba 2 imekufa, eti nitoe injini niweke 1JZ, ile injini ya Toyota. Asubuhi inawaka, ikiwa ya moto pia inawaka mara moja tu. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza hiyo gari haina silinda hata moja, kwa hiyo aliyekwambia silinda namba 2 imekufa sijui kaiona wapi. Ndani kuna rota mbili za pembe tatu zinazunguka, kila moja ina plagi mbili na koili mbili za kuzipa plagi umeme wa cheche, jumla plagi 4 koili 4. P0302 kwenye RX-8 maana yake rota ya nyuma inamisi. Inamisi, sijasema imekufa!

Ulichoandika mwishoni ndio kimenipa moyo, kwamba ikiwa ya moto inawaka mara moja. Rotari iliyopoteza kompresheni (mgandamizo wa ndani) inajionyesha hapo hapo, unazima sheli dakika kumi, ukirudi unapiga stata mpaka betri inalia. Yako haina hiyo shida, kwa hiyo mimi naanza na moto, yaani koili, waya na plagi. Koili za hizi gari ni ugonjwa unaojulikana, wengine hata kilomita 50,000 hazifiki, na hazifi kwa mkupuo, zinachoka taratibu. Ukienda polepole cheche inatosha, ukikanyaga presha ndani inapanda, cheche inashindwa kuruka, gari inasita. Ndio huyo mtu unayehisi kaishika kwa nyuma.

Sasa usinunue kitu bado. Chukua koili ya plagi ya chini ya rota ya nyuma ubadilishane na ya chini ya rota ya mbele (zote 4 ni za aina moja, waya za plagi ziache kila moja na plagi yake), futa ile kodi ya P0302 kwa mashine, kaendeshe kidogo. Ikirudi imeandika P0301, yaani sasa inamisi rota ya mbele, basi koili hiyo ndio mwizi. Ikibaki P0302 fanya hivyo hivyo kwa zile za juu. Na usiku paki sehemu yenye giza, fungua boneti gari ikiwaka, angalia waya za plagi, kama zimechoka utaona vicheche vya bluu vinarukaruka pembeni. Usiziguse lakini, mimi niliwahi kugusa mara moja na mkono ulikufa ganzi mpaka bega.

Plagi zinafikiwa ukitoa tairi la mbele kushoto. Hapa watu wanaharibu sana: za chini na za juu SIYO sawa, bloku yenyewe imeandikwa L chini na T juu, na plagi za kila upande zina namba zake kwa sababu ya joto. Mwaka fulani nililetewa gari inasita vilevile, mwenyewe anaapa plagi ni mpya, kweli zilikuwa mpya, ila zote nne za L. Ukikuta zako zimelika, badilisha zote nne na waya zake.

Ile taa kublinki usiichukulie poa. Ikiblinki petroli mbichi inaenda kuungulia kwenye masega ya ekzosi (katalitiki, ile ya kusafisha moshi), yanawaka mekundu, yanayeyuka, yanaziba, halafu joto linarudi kwenye injini, na kwenye Renesis, ndiyo injini ya RX-8, matundu ya ekzosi yako ubavuni kwa hiyo sili za pembeni ndio zinaumia. Hivyo ndivyo koili ya bei ndogo inavyoua injini nzima. Kwa hiyo mpaka utengeneze, hiyo gari isikanyagwe. Na hata ukishaweka koili mpya, kama juu ya resi 5,000 bado nzito, fungua masega uangalie.

Ingekuwa inasita pale pale kwenye 3,750 tu na taa haijawaka ningekwambia angalia valvu ya SSV, inayofungulia injini njia ya pili ya hewa resi zikipanda, huwa inaganda kwa masizi. Yako siyo hiyo.

Ukitaka kupima kompresheni ili roho itulie, pima, ila mashine ya gari za pistoni inakupa namba moja tu ya juu na rota ina pande tatu, upande mmoja ukiwa mbovu unafichwa na wenzake. Tafuta mwenye kipimo cha rotari, injini iwe ya moto, na kila upande usipungue 680 kPa kwa mzunguko wa 250 kwa dakika. Kabla ya kuona namba hizo usimruhusu mtu aguse boliti hata moja ya injini, na hiyo 1JZ mwambie bado.